Mkuki wa Kusokotwa wa Oddleif

Mume wangu Oddleif hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Sisemi hivyo kumsifu. Mikono yake ilikuwa na kazi nyingine, na ikifika jioni haikuwa na nguvu ya kugombana na yeyote. Alikuwa mhunzi, mtoto wa mhunzi, na sikio lake la kushoto lilikufa kwa kelele za nyundo kabla hajaota ndevu, kwa hiyo ukitaka akusikie ilibidi umzunguke upande wa pili kama unayemwendea farasi mkali. Nyusi hakuwa nazo, zilikwisha kuungua zamani. Nilipoolewa naye dada zangu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakaniambia, "Gyrid, utazaa watoto wa masizi." Nikazaa mabinti weupe kama maziwa, wote wakaolewa ng'ambo ya maji, na kiwandani tukabaki mimi na yeye. Yeye anafua, mimi navukuta. Kipande kikiwa kikubwa naiacha mivukuto nashika nyundo kubwa. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya ndoa, na mtu akiniuliza nimeona nini duniani, nitamwambia nimeuona mgongo wa Oddleif.

Mwaka ninaousimulia, mgongo wenyewe ulikuwa umeanza kupinda, na bega lake la kulia lilikuwa linamkatalia. Bakuli la uji alilinyanyua kwa mkono wa kushoto, akidhani sioni. Tulikuwa tumechoka. Kuna uchovu wa siku moja ambao ukilala unakwisha, na kuna ule ambao unalala nao na unaamka nao, unakaa nao mezani. Huo wa pili ndio uliokuwa wetu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mundu za mavuno zikimalizika, basi. Kuanzia hapo ni ndoano za samaki, misumari na bawaba za milango, kazi za kukaa kitako. Mikuki hapana tena. Hakuna aliyetamka neno kubwa juu ya jambo hilo. Tulikubaliana tu, kama wazee wanavyokubaliana kulala mapema.

Ndipo Ragnfrid akaja.

Ragnfrid ndiye mwenye boma kubwa, na kiwanda chetu kiko pembeni mwa ardhi yake, kando ya kijito, mbali na nyumba kwa ajili ya moto. Mumewe alikwisha kufa. Kiangazi kile mwanawe mkubwa, Sigvat, aliuawa na mtu anayeitwa Torleik wa bonde la ng'ambo ya mlima. Waligombana juu ya farasi, mambo ya walevi tupu. Watu wa ukoo wa Torleik walileta ujumbe mapema: kwenye baraza, theluji ikiyeyuka, watakaa na wazee, watatoa fidia, yaishe. Ragnfrid akamjibu mjumbe kwamba mwanawe si ng'ombe wa kupatiwa bei. Alikuwa amebakiwa na mmoja, Kolbein, na kwetu mrithi hakalii kiti cha baba yake kabla hajalipa kisasi cha damu ya ndugu yake. Kwa hiyo tangu kiangazi yule kijana alikuwa anakula karibu na mlango, pamoja na wachunga mbuzi, na mama yake anamtazama kila tonge.

Ragnfrid alisimama mlangoni mwa kiwanda bila kutusalimu.

"Oddleif. Nataka mkuki wa Kolbein. Haraka, kabla theluji haijafunga njia ya mlimani."

"Mikuki si imejaa ukutani kwako, bibi?" nikamwambia.

"Sigvat alikufa ameushika mmoja wa hiyo. Sitaki kitu chenye mkosi. Na wewe Gyrid, sikukuuliza."

Oddleif alifuta mikono kwenye ngozi aliyojifunga kiunoni, akachukua muda wake. "Wa kawaida utaupata kesho kutwa," akasema. Nilishtuka. Kisha akaongeza, huku ameinama anachokoachokoa makaa, "Ila watu watacheka."

"Watacheka nini?"

"Mrithi wa boma lote hili kuvuka mlima na mkuki wa kuchungia mbuzi. Wenzake kule wana mikuki ya kusokotwa."

Yule mama alikunja uso. Najua alivyo, njaa angeistahimili, kuchekwa hapana. "Wa kusokotwa unachukua muda gani?"

"Unachukua muda wake, bibi."

"Basi wa kusokotwa. Na uwe mzuri kuliko wao."

Alipoondoka nilimrukia. "Wewe mzee una wazimu? Bega hilo hilo? Jana umeshindwa kuvua shati!"

"Theluji, Gyrid."

"Theluji imefanya nini?"

"Ikianguka njia imefungwa. Hakuna anayevuka mpaka baraza. Kwenye baraza wazee watawapatanisha, kijana ataishi." Akashusha pumzi, maana kwake hayo yalikuwa maneno mengi. "Mimi ninachotakiwa ni kuchelewa tu."

Nikashika mivukuto yangu. Nilikuwa nimempenda siku nyingi, lakini siku hiyo nilimpenda kwa makusudi.

Kolbein mwenyewe ungemwona ungejua kwa nini. Alikuwa mrefu, mwembamba, kicheko karibu. Alijua kutengeneza jibini kuliko wanawake wengi, na mbuzi walimfuata bila kuitwa. Alikuwa anaogopa kufa na hakuona haya kuniambia. Kila siku mama yake alimtuma aje kutuharakisha, na kila siku alikuja, akakaa juu ya gogo, akala mkate wangu.

"Shangazi, mama anauliza mmefika wapi."

"Mwambie tumefika pale pale."

"Jana nilimwambia hivyo hivyo."

"Basi leo mwambie tumerudi nyuma kidogo."

Alicheka mpaka makombo yakamtoka mdomoni. Kisha akashika mivukuto akanipokea. "Pumzika, shangazi. Kazi yenyewe ya kuniua mimi, acha na mimi nisaidie."

"Ebo! Ukisema hivyo tena nitakuchapa," nikamwambia, na nilimaanisha.

Kazi ya kusokota ni kazi ya kuchosha hata kuitazama. Unahitaji chuma cha aina mbili. Kimoja ni cha kinamasi chetu, ambacho hata ukifanyeje hubaki cheupe. Kingine tunakipata kwa wafanyabiashara wa pwani, nacho huwa cheusi kikionja uchachu. Unavipanga vipande kwa zamu, cheupe, cheusi, cheupe, unavitia motoni mpaka viwe na rangi ya maziwa, unanyunyiza mchanga ili uchafu uyeyuke utoke, kisha unatoa na kupiga upesi kabla havijapoa, vishikane viwe kitu kimoja. Unavuta kitu hicho kiwe ufito. Unakitia moto tena, unabana ncha moja kwa koleo, na nyingine unaizungusha kama unayekamua nguo. Ufito mmoja unausokota kulia, mwingine kushoto. Halafu fito zenyewe unazilaza ubavu kwa ubavu na kuziunga, na pembeni unaunga chuma cha pua kwa ajili ya makali. Popote katika hayo yote kiungo kinaweza kukataa, na kikikataa unaanza upya.

Oddleif alianza upya mara nyingi. Aliukagua ufito uliokuwa mzima kabisa, akasema "hapana," akaukunja, akarudi motoni. Mchana alikaa akinoa patasi ambayo haikuhitaji kunolewa. Siku nyingine aliniambia makaa ni mabichi, twende tukachome mengine, tukaenda kweli, tukarudi weusi kama vyungu. Mara nyingine nilishindwa kujua kama anachelewesha au ameshindwa kuinua mkono. Nadhani hata yeye alikuwa hajui. Usiku nilimkanda bega kwa mafuta ya sili, naye alilala katikati ya sentensi yangu.

Na theluji haikuja. Nilikuwa natoka nje kila asubuhi kuutazama mlima, na mlima ulikuwa mkavu, wa kijani mpaka juu, na jua la kijinga limeukalia. Miaka mingine wakati huo tungekuwa tunachimba njia kwa sepetu ili tufike kijitoni. Niliitukana hali ya hewa kwa majina ambayo mama yangu hakunifundisha.

Ragnfrid akachoka kungoja. Akaja mwenyewe, akakaa kwenye gogo la Kolbein, akasema hatatoka mpaka aone fito zimeungwa. Tukafunga madirisha, maana rangi ya chuma huioni vizuri kwenye mwanga. Nilipopita upande wa sikio zima la Oddleif nikamnong'oneza, "Ziache ziungue." Ni jambo rahisi tu. Chuma kikizidishwa moto kinaanza kurusha cheche chenyewe, kinameguka kama jibini kavu, na hakuna mtu duniani atakayejua kama ulikusudia au ulipitiwa. Angehitaji tu kutazama pembeni kwa muda wa pumzi mbili. Akaniitikia kwa kichwa.

Nikavukuta. Fito zikawa nyekundu, zikawa njano, zikawa nyeupe. Nikazidi kuvukuta. Nikasikia ule mlio mwembamba ambao chuma hutoa kinapokuwa tayari, kama mafuta kikaangoni, na cheche ya kwanza ikaruka. Nikasubiri ya pili. Oddleif akazichomoa fito.

"Piga!" akapaza sauti, na mikono yangu ikashika nyundo kubwa kabla akili yangu haijafika. Tukapiga, yeye mimi, yeye mimi, mchanga ulioyeyuka ukaruka ukutani, na fito zikashikana kutoka mwanzo mpaka mwisho bila uwazi hata wa unywele. Bega halikumsumbua hata kidogo. Alipiga kama kijana aliyenioa.

Ragnfrid aliondoka ameridhika. Nilifungua madirisha.

"Ulikuwa uziache," nikamwambia.

"Nilikuwa niziache."

"Sasa?"

Akaitazama mikono yake. "Zilikuwa zimeiva, Gyrid."

Nilikasirika siku nzima. Sikumpikia. Lakini nilipomwona amelala ameketi, kichwa kimeegemea fuawe, hasira ikanishuka, maana nilijua nisingeweza kumwomba mtu huyo kitu kigumu zaidi ya kile nilichomwomba. Angeweza kunipa damu yake. Kuharibu chuma kilichoiva hakujua kunafanywaje.

Bado tulikuwa na hila moja. Mkuki wa kusokotwa ukitoka motoni ni wa kijivu tu, kama mwingine wowote. Mpaka uusugue kwa mawe laini na kuuosha kwa maji ya maziwa yaliyochacha, ndipo chuma kimoja kinapokuwa cheusi na kingine kinabaki cheupe, na yale masokoto yanajitokeza. Oddleif akasema atampelekea Ragnfrid ukiwa wa kijivu. Yule mama atasema, hujasokota, umeniibia. Yeye atasema nimesokota. Watabishana, atarudishiwa, zitapita siku. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa umegeuka na kulikuwa na wingu zito upande wa kaskazini, jeusi kweli kweli. Nikaanza kupata matumaini. Hata Kolbein alipokuja alikuwa anapiga mluzi.

"Shangazi, umeliona lile wingu?"

"Nimeliona. Kaa ule."

Nikampa mkate na siagi. Oddleif alikuwa amemaliza kusugua. Kichwa cha mkuki kilikuwa mapajani mwake, kirefu kama mkono wangu toka kiwiko, na tundu la kuingizia mpini limekunjwa vizuri chini yake. Alikuwa anapitisha ukucha katikati, anarudia, anakipeleka kwenye mwanga, anarudia. Nilimjua. Nilikuwa nimeanza kuogopa kabla hajafungua mdomo.

"Gyrid, lete yale maji ya maziwa."

"Ya nini?"

"Nione kiungo tu. Kama kina ufa utaonekana. Nikishaona nitakipaka majivu kirudi kuwa cha kijivu."

"Sileti."

"Kidogo tu."

"Nimesema sileti, Oddleif! Utakiona baada ya baraza. Kiweke chini."

Akainuka mwenyewe. Akaenda kwenye pipa nyuma ya mlango, akachovya kitambaa, akarudi akaketi, akapangusa taratibu kutoka kwenye tundu mpaka nchani. Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha chuma kikaanza kubadilika, polepole, na katikati yake kote yakatokea masuke ya shayiri, suke juu ya suke, meupe na meusi, yamepangana kulia na kushoto mpaka kwenye ncha, na makali yameyazunguka kama maji. Nimevukuta mikuki mingi ya kusokotwa. Sijawahi kuona kama ule. Hata mimi, niliyekuwa nauchukia, nilisogea nitazame.

Kolbein alikuwa ameacha kutafuna.

"Mzee," akasema. "Huu ni wangu?"

Akainuka, akauchukua mapajani mwa Oddleif kwa mikono miwili, akaenda nao mlangoni. Akaugeuza, masuke yakatembea. Mgongo wake ulinyooka. Sijui nielezeje, yule mtoto siku zote alisimama kama anayeomba radhi kwa urefu wake, na pale mlangoni akasimama urefu wake wote.

"Sigvat hakuwahi kuwa na kitu kama hiki," akasema. "Hakuna mtu bondeni mwenye kitu kama hiki."

"Kolbein, mwanangu," nikasema, "kaa umalize mkate."

"Nimeshiba, shangazi."

"Haujanolewa," Oddleif akasema.

"Nitaunoa mwenyewe."

"Hauna mpini."

"Mipini ipo nyumbani."

Kisha Oddleif akasema uongo wa pekee niliowahi kumsikia akiusema juu ya kazi yake. "Una ufa. Katikati. Kiungo hakikushika."

Kolbein akautazama tena, karibu, akacheka kicheko chake kile kile. "Mzee, mimi nimekulia humu ndani. Ungekuwa na ufa ningeuona." Akamshika Oddleif begani kwa upole, lile bega bovu. "Ahsante. Sikujua kama kuna mtu angenitengenezea kitu cha namna hii."

Nilimkimbilia mpaka kijitoni. Nilimshika shati nikamwambia aende mlimani kwa mbuzi wake, ajifiche, nitampelekea chakula mwenyewe, hata wakimwita mwoga kuna ubaya gani, waoga wanazeeka. Alinisikiliza kwa adabu. Macho yake hayakutoka kwenye chuma. Siku zote zile tulidhani tunamtafutia muda, kumbe tulikuwa tunamtafutia hamu.

Alivuka asubuhi iliyofuata. Lile wingu likaja likamwaga jioni yake, theluji ya kufika kiunoni, njia ikafungwa naye akiwa upande wa pili.

Majira yote ya baridi hatukusikia neno. Ragnfrid alitandika ngozi mpya kwenye kile kiti cha baba yake Kolbein, akangoja. Oddleif alitengeneza misumari. Tulikula uji wetu tukisikiliza upepo. Niliwahi kumkuta amesimama nje bila kofia, anautazama mlima, theluji imemjaa mabegani.

Theluji ilipoyeyuka, katika siku zile za baraza ambazo hakuna anayeruhusiwa kumgusa mtu njiani, akaja mtu wa bonde la ng'ambo. Jina lake Audun, binamu yake Torleik. Alikuwa mtu mzima, mpole, macho yamezama kwa uchovu kama yetu. Alikuwa ametoka kwa Ragnfrid kumpa habari, na habari zenyewe akatupa na sisi akiwa amesimama. Kolbein alimkuta Torleik akipasua kuni, akamwua. Halafu akataka kurudi, akakuta mlima umefungwa. Alihangaika kwenye misitu yao, kwenye baridi ile, anaiba maziwa kwenye mazizi, mpaka ndugu zake Torleik walipomkuta kwenye kivuko cha mto.

"Alikuwa mtoto mzuri," Audun akasema. "Mimi sikufurahia."

Nilikaa kwenye lile gogo. Audun akageuzageuza kofia mikononi, kisha akasema kilichomleta kwetu hasa. Mtoto wa kaka yake amekua. Wanataka mkuki kama ule. Ule wa Kolbein kila mtu kwao ameutaka, wameugombania mpaka wakakaribia kupigana.

"Nimeushika kwa mikono yangu," akasema. "Sijaona kitu kama kile."

Oddleif alikuwa hajatikisika tangu mwanzo. Sasa akasogea, akamgeuzia Audun lile sikio linalosikia.

"Kiungo," akasema. "Cha katikati. Kilishika?"

Audun akafikiri, kama mtu anayetaka kujibu haki. "Mkuki ulipiga jiwe la ukuta kwanza," akasema, "ndipo ukamwingia Torleik. Haukupinda wala haukuachana. Kilishika, mzee."

Na Oddleif akatabasamu. Nimeishi naye, ninalijua tabasamu lake la kazi iliyokwenda sawa, na lilikuwa ndilo. Nilitafuta koleo nimpige nalo. Kisha nikaliona linamtoka usoni, kidogo kidogo, jinsi alivyokuwa anaelewa alichouliza na alichojibiwa. Akamtazama Audun, akanitazama mimi, akaketi chini kwenye majivu akalia kwa sauti, mzee mzima, mbele ya mgeni.